Harufu ya Ndizi Nyumbani kwa Mchungaji

Maneno yote yalianzia puani mwa Bibi Wilhelmina Van Dorn, na pua ile ilikuwa haikosi kitu. Siku hiyo alikuwa anapeleka kapu la viazi kwa Mchungaji Lemuel Haskett, viazi vyenyewe vile vya chini ya gunia, vimeshaanza kuchipua. Akafika mlangoni, akainua mkono agonge, mkono ukagandia hewani. Alinusa. Akanusa tena. Ndani ya nyumba ile ya mbao iliyochoka, nyumba ya mchungaji wa Kimethodisti asiye na koti la pili, kulikuwa kunanukia ndizi mbivu.

Wewe unayesoma, ambaye kwenu ndizi hupewa mtoto ili anyamaze, usicheke. Newark, mji wetu huu wa Amerika, miaka ile ndizi ilikuwa ya wakubwa. Ilishuka melini kule New York, ikapanda bei njiani, na ilipofika kwetu iliwekwa dirishani mwa duka, watu wakawa wanapita wanaitazama na kwenda zao. Bibi Van Dorn alikuwa ameila mara moja tu maishani, kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia, imefungwa kwa karatasi inayong'aa, akaikata kwa kisu na uma. Tangu siku hiyo hakupata mgeni mezani asimsimulie ile ndizi.

Alirudi nyumbani mbio, kofia imekaa upande. Mumewe Cornelius alikuwa muuza kofia, na pia ndiye mkuu wa wasimamizi wa kanisa, yaani yeye ndiye aliyeamua mchungaji ale nini, avae nini, na akae mpaka lini.

"Cornelius, Mchungaji wetu anakula ndizi."

"Ndizi gani?"

"Ndizi, ndizi! Nyumba nzima inanukia. Na mkewe kafungua mlango macho mekundu, anachekacheka peke yake. Namuuliza, 'Mama Mchungaji, kuna nini jikoni?' Ananijibu, 'Hakuna kitu, Bibi.' Hakuna kitu! Mimi nimesimama na viazi mkononi!"

"Labda pua yako imekosea."

"Cornelius, hii pua iache. Sisi tunajinyima siagi tumpelekee mtumishi wa Mungu, kumbe mwenzetu anatafuna ndizi! Nani anamnunulia? Hebu niambie, nani?"

Cornelius aliweka kijiko chini. Kwa kweli hakuwahi kumpenda Mchungaji Haskett. Mahubiri yake yalikuwa mafupi mno, na kila Jumapili vidole vyake vilikuwa na madoa meusi, kwa mtu asiyeshika kazi yoyote ya mikono. Na sasa ndizi.

"Alhamisi ni Siku ya Michango," alisema. "Kanisa zima litakuwa ndani ya nyumba ile. Tutaziona hizo ndizi kwa macho."

* * *

Hakukuwa na ndizi. Kulikuwa na Mchungaji Haskett darini, amevua kola, mikono imekunjwa mpaka kwenye kiwiko, anamimina uji mzito unaong'aa juu ya meza ndefu ya kioo. Uji ule ulikuwa ni seluloidi, ileile ya kutengenezea kola na vitana, vipande vya kutupwa alivyokuwa akiletewa na muumini wake Asa Pell, fundi wa kola kiwandani. Aliviyeyusha kwa dawa fulani, akavimimina, akangoja vikauke viwe utando mwembamba, wa kupitisha mwanga kama kioo. Na ile dawa, haki ya Mungu, ilinukia ndizi mbivu kuliko ndizi yenyewe. Ukikaa nayo chumba kimoja bila dirisha, kichwa kinakuwa chepesi, na kila kitu kinakuchekesha.

Mkewe Thirza alipanda ngazi akiwa ameshika nguzo kwa mkono mmoja na tumbo kwa mkono mwingine, akijizuia kucheka.

"Lemuel! Unajua wanatusema nini huko nje? Wanasema tunakula ndizi!"

"Ndizi?" Mchungaji alitazama chupa ya dawa. "Aa. Ndiyo maana. Mimi miezi yote hii nilikuwa nikidhani inanukia mapeasi."

Wakaangaliana. Akaanza Thirza, akafuata mumewe, wakacheka mpaka wakakaa chini sakafuni, mchungaji mzima na mkewe, hata mmoja hajui ndizi ina ladha gani.

"Haya, tucheke tumalize," Thirza alisema akijifuta machozi kwa aproni, "maana hili si la kuchekwa. Asa Pell ameniambia Van Dorn amemwita Mzee Crane wa wilayani. Anakuja Jumamosi. Wakimwomba atuhamishe, anatuhamisha. Waambie ukweli basi. Waambie ni dawa."

"Nikiwaambia ni dawa wataniuliza ya nini. Nikisema ya nini, kesho kutwa kuna tajiri wa New York anaiuza na mimi naambiwa asante. Halafu nyumba ni ya kanisa, Thirza, na kitu hiki kikiguswa na moto..." Hakumalizia. "Nikipata picha moja tu juu yake, moja, nzima, isiyobanduka, naenda kuiandikisha serikalini iwe yangu, na kila mtu ajue. Kabla ya hapo sina kitu, ni mtu anayepika kola za watu."

"Na wakituhamisha?"

"Wakitupeleka huko milimani, kiwanda kiko wapi? Asa yuko wapi? Ndiyo mwisho wake."

Wamethodisti wale walihamisha wachungaji wao kama watu wanaoogopa wasije wakaota mizizi, na kila kuhama kulivunja kitu. Kuhama kwa mwisho, gari la farasi lilipoingia shimoni, ilivunjika picha ya Letty. Letty alikuwa mtoto wao pekee, alifariki na miaka minne, na picha aliyopigwa ilikuwa moja tu, juu ya kioo, kama picha zote za wakati ule. Thirza alikuwa ameifunga kwa majani makavu, kwa blanketi, kwa gauni lake la harusi, na bado ilivunjika. Vipande alivihifadhi ndani ya kopo la biskuti na hakuwahi kulifungua. Mumewe hakuwahi kusema kwamba utando ule wa darini alianza kuupika kwa ajili ya kopo lile. Wala hakuwa na haja ya kusema.

"Ule wa wiki iliyopita je?" Thirza aliuliza. "Uliotoka bila mapovu?"

"Ulikuwa na kipande kimoja kizuri. Nimekipaka dawa ya picha, hii inayonitia madoa vidoleni, nimeshakiweka ndani ya kamera. Nikikutana na siku yenye jua zuri nitapiga mnara wa kanisa. Mnara hautikisiki."

"Na huu wa leo?"

"Huu ukikauka bila vumbi utatoa vipande vya mwaka mzima. Ila asipande mtu huku, Thirza. Hata paka."

"Alhamisi ni Siku ya Michango," alisema Thirza, na kicheko chote kikamtoka.

* * *

Walikuja wote. Walikuja na maboga, na turnipu, na mitungi ya matufaha ya siki, na soksi nene za sufu zote za mguu wa kushoto, na nguruwe wa kukaushwa, paja zima, ambalo Cornelius Van Dorn alilibeba mwenyewe begani ili kila mtu alione. Siku ya Michango ndivyo ilivyo: waumini wanamletea mchungaji chakula cha majira ya baridi, halafu wanakaa wanakila. Mwenye nyumba kazi yake ni kushukuru. Thirza alikuwa ameshashukuru mpaka mashavu yanamuuma.

"Ahsante, Bibi Onderdonk, kabichi nzuri. Ahsante, ndugu. Ahsante sana. Hapana, Bibi, hilo ni kabati la nguo."

"Nilikuwa natafuta sahani tu," alisema Bibi Onderdonk, mkono umezama kwenye mashuka mpaka begani.

Walitafuta sahani chini ya kitanda. Walitafuta sahani ndani ya kinanda, na nyuma ya saa ya ukutani. Mama mmoja alifungua jiko la moto, akainama, akanusa, akafunga. Bibi Van Dorn alipitisha kidole juu ya rafu akakitazama, kisha akaingia chumba cha kulala, akahesabu mito kwa sauti. Wanawake wengine walitabasamu kwa huruma walipoona viraka kwenye shuka la Mama Mchungaji, na Thirza aliwaona wakitabasamu. Uso ulimwaka. Kama angekuwa na ndizi angewatupia.

"Inatoka juu," alitangaza Bibi Van Dorn, akiwa amesimama chini ya ngazi, pua imeelekea darini. "Ndugu zangu, ndizi ziko juu."

"Bibi Van Dorn, nakuomba," Thirza alijipenyeza akasimama kwenye ngazi ya kwanza. "Huko juu ni uchafu mtupu. Panya."

"Panya wanaokula ndizi! Hebu nipishe, Mama Mchungaji."

"Sikupishi."

Akina mama walitazamana. Mke wa mchungaji hamwambii mke wa mkuu wa wasimamizi maneno ya namna ile. Lakini Bibi Van Dorn alikuwa na mwili wa kutosha na nyuma yake kulikuwa na akina mama wa kanisa zima, kila mmoja ana hamu ya kuona ndizi, na Thirza alikuwa mwembamba. Walimpandisha ngazi kinyumenyume. Alijikuta darini pamoja nao bila kupenda.

Humo ndani jiko dogo la makaa lilikuwa likiwaka mbali pembeni ili utando ukauke, dirisha limezibwa vumbi lisiingie, na ile harufu ilikuwa nzito unaweza kuikata. Mchungaji Haskett alisimama mbele ya meza yake, mikono ameitanua, amekuwa wa rangi ya chokaa.

"Akina mama, tafadhali. Msipumue kwa nguvu."

"Ziko wapi?" aliuliza Bibi Van Dorn. "Mchungaji, ziko..." Akasita. Akatoa sauti ndogo ya ajabu, hi hi, kama msichana. "Ziko... hi hi hi... ziko wapi ndizi?"

"Wilhelmina, unacheka nini?" aliuliza Bibi Onderdonk, na kabla hajajibiwa naye akaanza. Akaangusha kicheko kizito cha kiume ambacho kanisa halikuwahi kukisikia. Mwingine alikaa juu ya sanduku. Mwingine alimkumbatia Thirza akamwambia, "Shoga, wewe mbona mzuri hivi?" Walicheka mpaka kofia zikawa zinaanguka. Bibi Van Dorn, machozi yanamtiririka, akajikongoja mpaka mezani, akaona kitu kirefu kinang'aa, na kama mtoto aliyeona keki, akakibonyeza kidole katikati.

"Kinanata!" alisema kwa furaha, akakivuta.

Mchungaji Haskett alifumba macho. Utando ulikuwa umejikunja wote, umeshika vumbi la nguo, na katikati umebaki na alama ya kidole cha mke wa mkuu wa wasimamizi.

Thirza ndiye aliyezinduka kwanza. "Nje!" alipiga kelele. "Nje wote, mtaanguka humu! Shikaneni mikono, teremkeni!" Akawateremsha mmojammoja, wanacheka, wanapiga chafya, wanaitana majina ya utotoni. Akabeba jiko la makaa mwenyewe kwa koleo, akalimwagia maji uani.

* * *

Meza zilihamishiwa uani, juani, ili watu wapate hewa. Hewa iliwapa njaa. Walijipanga kwenye meza iliyojaa chakula cha mchungaji cha majira ya baridi, wakaanza kukishughulikia kwa mikono miwili. Cornelius Van Dorn alisimama kichwani mwa meza, kashika lile paja la nguruwe alilolileta mwenyewe, kalikamata kwa mfupa, anang'ata na kuhutubia, anang'ata na kuhutubia.

"Mke wangu amelewa! Mke wa Kimethodisti, amelewa ndani ya nyumba ya mchungaji! Ndizi zimefichwa, na kumbe si ndizi tu, kuna na pombe ya ndizi! Mnaona, ndugu?" Aling'ata. "Tunamlisha mtu huyu," akameza, "tunajinyima," akang'ata tena, "na yeye anajistarehesha!"

Mchungaji Haskett alisimama pembeni, utando ulioharibika umemning'inia mkononi. Hakujitetea. Kila neno lililomjia mdomoni lilikuwa siri yake. Thirza alimtazama mumewe vile, na alimtazama Van Dorn na mafuta yake kidevuni, na turnipu zao zinavyoisha, na Bibi Onderdonk anavyosukumiza mkate wa tangawizi kwenye mfuko wa koti la mumewe. Ghadhabu ilimpanda, lakini na ile dawa ya darini ilikuwa bado kichwani mwake, kwa hiyo vikachanganyika, ghadhabu na kicheko, akashindwa kujua kipi ni kipi.

Kamera ilikuwa imesimama juu ya miguu yake mitatu pale barazani, imeelekezwa upande wa mnara wa kanisa, inamngoja Mchungaji. Thirza aliizungusha. Alikuwa amemsaidia mumewe mara nyingi, hakuhitaji kufundishwa. Alivuta kifuniko cha kipande, akashika kizibo cha lenzi.

"Bwana Van Dorn!" aliita kwa sauti tamu kabisa. "Hebu rudia hapo pa kujinyima!"

Van Dorn aligeuka, mdomo umejaa, paja limeinuliwa. Kanisa zima liligeuka naye, mikono ikiwa kwenye sahani. Thirza alitoa kizibo, akavuta pumzi, akakirudisha.

Mumewe alikuwa ameshamfikia. "Thirza. Usiniambie umepiga."

"Nimepiga."

"Kile kipande kimoja? Kilichobaki peke yake duniani?" Sauti ilimtoka nyembamba. "Umekitumia kwa Van Dorn na nguruwe?"

"Mnara hautikisiki, sawa," alisema Thirza. "Lakini anayetaka kutuhamisha si mnara." Halafu akajiziba mdomo kwa viganja, maana ndiyo kwanza alielewa alichofanya.

Kesho yake walikisafisha pamoja kwenye chumba cha giza, mabega yamegusana. Walikitia majini wakingoja picha ibanduke, kama zilivyobanduka zote za nyuma. Haikubanduka. Thirza alimsikia mumewe gizani akivuta makamasi, kisha akasikia kitu ambacho hakuwa amekisikia tangu Letty alipokuwa hai: Lemuel Haskett alikuwa anapiga mluzi.

* * *

Mzee Thaddeus Crane, mwangalizi wa wilaya, alikuwa mtu mrefu mkavu, asiyependa kusafiri, na aliyekuja Newark Jumamosi ile akiwa na mafua na hasira. Alikaa kichwani mwa meza kwenye chumba cha nyuma cha kanisa. Wasimamizi walikaa huku na huku, akina mama ukutani. Asa Pell alisimama mlangoni, kofia mkononi.

Bibi Van Dorn alitoa ushahidi wa ndizi kuanzia Philadelphia. Ulichukua muda. Alipofika pale darini alipunguza sauti, akasema kwamba "alijisikia vibaya", na mahali fulani nyuma Bibi Onderdonk aliguna.

"Kwa hiyo tunaomba," alimalizia Cornelius, "kwa upendo wote, mchungaji huyu apelekwe kwingine. Milimani kuna hewa nzuri."

"Mchungaji Haskett," Mzee Crane alisema akipenga kamasi. "Una ndizi au huna?"

"Sina, Mzee. Sijawahi kuila."

"Basi hiyo harufu ni ya nini? Sema moja kwa moja, nina baridi."

Mchungaji alimtazama mkewe. Thirza aliitikia kwa kichwa: ndiyo, sasa. Lakini mume aliposimama ulimi ulimgoma, maana ameficha jambo lile muda mrefu mno, akabaki anafungua mdomo na kufunga. Thirza akainuka kutoka ukutani. Akapita katikati ya wasimamizi, wakimshangaa, akaweka juu ya meza mbele ya Mzee Crane kipande kinachong'aa, chenye ukubwa wa kitabu cha nyimbo.

"Harufu ni ya hii," alisema.

Mzee Crane alikiinua kuelekea dirishani. Kilikuwa picha ya kinyume, penye weusi pameng'aa na penye mwanga pamekuwa peusi, lakini ukikitazama unaona. Aliona meza. Aliona kanisa zima limeinamia chakula. Akaona mtu mwenye ndevu, mdomo wazi, ameshika mfupa.

"Huyu ni nani anayekula bunduki?" aliuliza.

Wasimamizi waliinuka vitini wakainama kutazama. "Ni paja la nguruwe," alisema Asa Pell kutoka mlangoni. "Ni paja la mchungaji la majira ya baridi, Mzee. Halikumaliza siku."

Mtu mmoja alicheka. Mwingine akasema, "Loh, Onderdonk, huo si mkate wa tangawizi unaingia mfukoni?" Cornelius Van Dorn alisukuma watu, akaona, akawa mwekundu kuanzia shingoni. Hakufikiri. Alifanya ambacho mtu yeyote wa wakati ule angefanya akiona picha asiyoitaka. Aliikwapua, akaiinua juu ya kichwa, akaibamiza sakafuni kwa nguvu zake zote.

Akina mama walipiga mayowe wakafunika macho wasirukiwe na vigae. Thirza alikuwa ameshawahi kuusikia mlio wa picha kuvunjika, shimoni, ndani ya gari la farasi.

Mlio haukuja. Kipande kiliyumba hewani, kikaenda kushoto, kikarudi kulia, kikajilaza chini taratibu. Cornelius alikitazama kana kwamba kimemtukana. Akakikanyaga. Akakisaga kwa kisigino. Akaondoa mguu. Kikajikunjua, kikalala vilevile, na yeye mwenyewe ndani yake na mfupa wake.

Mzee Crane aliinama akakiokota, akakipangusa kwa mkono wa koti. Kilikuwa na mkwaruzo mmoja wa msumari wa kiatu. Alikikunja, kikakunjika. Alikiachia, kikanyooka.

"Hiki si kioo," alisema.

"Si kioo, Mzee," alisema Mchungaji Haskett, na ulimi ukamfunguka. "Ni seluloidi. Ni kola. Ni kola zenu hizohizo mlizovaa."

Wasimamizi wote walishika shingo zao.

Mzee Crane alikiangusha tena, polepole, makusudi. Kikateremka. Uso ule mkavu ulianza kufanya kitu usichokizoea. "Hebu lete tena," alimwambia Asa. Akakiangusha kutoka juu zaidi. Msimamizi mmoja akasema, "Mzee, na mimi nijaribu?" Na mwingine, "Nipe na mimi." Wakawa wanapokezana, wazee wenye mvi, mmoja amepanda juu ya kiti ili kiangukie mbali, wakikipulizia, wakikikimbilia, wakigombana zamu. Mafua ya Mzee Crane yalisahaulika kabisa.

"Nipeni," alisema Cornelius Van Dorn mwishowe, kwa sauti ndogo. "Nipeni nijaribu vizuri. Safari ile nilikuwa nimekasirika."

Walimpa. Alikirusha, akakitazama kikielea, na wote wakamwona anatabasamu kwa shida, kama mtu anayejaribu viatu vipya. "Ni kweli nilikula sana," alisema bila kumtazama mtu.

"Mchungaji Haskett anabaki hapahapa," alisema Mzee Crane. "Na Jumatatu apande treni akaandikishe kitu hiki kabla wasimamizi hamjakimaliza kwa kukiangusha. Paja la nguruwe lirudishwe. Jipya."

* * *

Paja lilirudishwa, na pamoja nalo Bibi Van Dorn mwenyewe, kimya, akiwa amebeba kitu kimefungwa kwenye leso. Ilikuwa ndizi moja. Alimwekea Thirza mezani akaomba kisu na uma. Walikaa watatu, wakaigawana kwa vipande vyembamba pamoja na ganda lake, maana hata Bibi Van Dorn hakukumbuka vizuri kama ile ya Philadelphia ilimenywa. Mchungaji alitafuna, akatafakari.

"Inanikumbusha dari," alisema.

Bibi Van Dorn alicheka hi hi, bila dawa yoyote, akajiziba mdomo, akacheka tena.

Siku utando mwingine ulipokauka bila vumbi, Thirza alitoa kopo la biskuti, akalifungua mwenyewe. Mumewe alipanga vipande vya kioo juu ya kitambaa cheusi, akavisogeza mpaka shavu likakutana na shavu na mkono ukapata bega lake. Akavipiga picha, kisha akaigeuza kwenye utando wa pili, weusi na mwanga virudi mahali pake. Nyufa zilionekana, mistari myembamba kama nywele, lakini Letty alikuwa mmoja, amekaa kitini, amemkaba mdoli shingo.

Aliiweka mkononi mwa mkewe. Thirza aliitazama sana. Kisha akanyoosha mkono, akafungua vidole.

"Thirza!" Mumewe aliruka kuidaka, kwa mazoea.

"Iache."

Letty alielea, akageuka, akatua miguuni pa mama yake. Thirza alimwokota. Akamwachia tena. Akamwokota, akamwachia, anacheka, machozi yanamwagika mpaka kwenye kola, na kila mara mtoto alifika chini mzima.